Kukabidhi Mtaa kwa Miguu

Vijana wa ofisini mlinitaka kurasa kumi za kumbukumbu, nikasema tatu. Mkashuka mpaka nane, nikapanda mpaka nne, tukaishia tano, na kila upande ukaondoka unajiona umeibiwa. Hayo ndiyo mapatano mazuri. Mkitaka kujua nilipandishwa cheo lini na kwa mshahara gani, muulizeni mke wangu, yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia. Mimi nitaandika khabari ya mitaa, na namna tunavyoiacha mitaa hiyo mikononi mwa watu wasioijua. Ofisi yenyewe sitaitaja. Mmo ndani yake hivi sasa, na kiyoyozi bado kinavuja juu ya meza iliyokuwa yangu.

Siku ya kwanza nilikwenda na kanzu mpya na kofia mpya, nikidhani nimeajiriwa kukaa. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Hilal, mtu wa Maskati aliyekulia Unguja kama wazee wangu. Alinitazama viatu kabla ya uso.

"Wewe mwana wa nani?"

Nikamwambia.

"Babako namjua. Mbishi. Vua hivyo viatu vya harusi, twende."

Tukashuka mtaa wa bondeni, hapa Maskati, nyuma ya Wattaya, nyuma kabisa ya maduka ya magari mapya, kwenda kuhesabu nyumba. Vifaa vyetu vilikuwa chaki, fimbo ya kupimia mtaro, na jozi mbili za kandambili za mpira. Tulipokwenda tulipita barabarani, nikahesabu mageti. Tuliporudi tulipita uchochoro wa nyuma, upande wa wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha, nikahesabu milango. Hesabu mbili hazikupatana. Nikarudia. Hazikupatana tena. Nikaanza kutoka jasho, kazi yenyewe ndiyo kwanza ina nusu siku.

"Hujakosea," akasema Mzee Hilal. "Mbele wanakaa wenye nyumba. Nyuma wanakaa watu."

Alikuwa na maana ya yale mabanda tunayoyaita mulhaq: vyumba vilivyojengwa nyuma ya nyumba kubwa, vina mlango wao na choo chao. Humo ndimo anamolala dereva, na mfanyakazi wa ndani, na jamaa aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miaka, na bibi kizee ambaye mke wa mjukuu hapatani naye. Kwenye karatasi nyumba ni moja. Kwenye mvua ni mbili, na ile ya nyuma iko chini zaidi. Tokea siku ile mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata chenji ya mkate, na muuza duka wa mtaani kwetu ameshakata tamaa ya kunichukia.

Nilipozoea Wattaya nikapelekwa mtaa wa Ghala, kukagua magereji. Huko ndiko nilikojifunza kupatana. Watu wa magereji walikuwa wakimwaga mafuta machafu kwenye mtaro, na mtaro unakwenda wadi, na wadi inakwenda kwa wale watu wa nyuma. Nakumbuka fundi mmoja, mafuta yamejaa mpaka mlangoni kwake.

"Bwana mkubwa, haya yamemwagika yenyewe."

"Na pipa nalo limekuja kujilaza lenyewe?"

"Upepo."

"Upepo wa wapi huo, unaofungua vifuniko?"

Akacheka, nami nikacheka, kisha tukaanza kazi. Ukimwambia mtu wa Ghala asafishe mtaro wote leo, hatasafisha hata shubiri. Basi nilikuwa naanza kwa kudai mtaro wote mpaka kwa jirani, na ukuta upakwe chokaa. Tunavutana jua lote, namsamehe chokaa, namsamehe jirani, anasafisha mbele ya mlango wake na ananishukuru. Mbele ya mlango wake ndipo nilipopataka tokea mwanzo. Sikuisoma popote hiyo, na nasikia siku hizi mnafundishwa kwenye semina kwa siku tatu pamoja na chakula.

Kisha nikapelekwa Japani. Walitaka mtu wa kwenda kuangalia serikali za mitaa zinavyoendeshwa kule, na waliostahili walikuwa na harusi, nikaenda mimi. Nilipangiwa mji mdogo wa milimani. Jina lake hata nikilitaja hamtalipata kwenye ramani, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umekwisha kufutwa. Watu walikuwa wamepungua, skuli zimebaki na madawati, basi serikali ikauunganisha na jiji lililo bondeni, pamoja na miji mingine midogo jirani. Siku ya mwisho ya mji wao, niliambiwa, wafanyakazi walisimama mstari nje ya ofisi, wakateremsha bendera ya mji na kuondoa ubao wenye jina lake. Asubuhi yake wakarudi kazini kwenye jengo lile lile. Sasa likawa tawi.

Mwenyeji wangu aliitwa Nomura. Kiingereza chake na changu vikichanganywa vilitosha mtu mmoja, lakini tulikuwa hatuna haraka. Alikuwa mtu wa mahesabu ya maji, mwembamba, anakunja karatasi ya peremende kabla ya kuitupa. Alinionyesha jinsi faili linavyopanda kutoka meza hadi meza, kila mtu anapiga muhuri wake mdogo mwekundu. Na muhuri wa mdogo hupigwa umeinama kidogo, upande wa muhuri wa mkubwa, kama unamwamkia. Nikasema moyoni, hawa hata mihuri yao ina shikamoo.

Nilichokipenda zaidi ni makabidhiano. Kule, kila mwaka ukifika mwanzo wa mwezi wa nne, watu wa serikali za mitaa hubadilishwa viti. Wa kodi anakwenda maktaba, wa maktaba anakwenda maji, wa maji anakwenda kwenye kitengo cha wazee. Wanakaa miaka mitatu hivi, wanahamishwa tena, ili mtu asizoeane mno na wakandarasi na apate kuijua ofisi nzima. Khabari anaipata siku chache tu kabla. Lakini kabla hajaondoka, anamchukua anayeingia, wanavaa suti, wanakwenda kwa miguu mlango kwa mlango. Wanainama. Mwenye kuondoka anasema, kwa maneno yangu, "Huyu ndiye mimi wenu mpya." Karatasi za makabidhiano zipo, nene, lakini mtaa unakabidhiwa mlangoni.

Nikamwambia Nomura hili nitalichukua kwetu. Siku ya pili yake akanitia garini, akanipandisha mlimani mpaka palipokuwa na mawe na matope makavu na mti mmoja wa matunda umeinama. Akazima gari.

Kabla ya kuhamishiwa maji alikuwa kitengo cha wazee. Mwaka wa kuunganishwa mji watu waliohamishwa walikuwa wengi mno, ziara za kuamkia zikafutwa, wakakabidhiana karatasi tu. Aliyekuja kwenye kiti chake alikuwa kijana wa jijini. Ikaja mvua. Vipaza sauti vilivyo juu ya nguzo vikatangaza watu watoke, na yule kijana akafanya kazi yake sawasawa: akapanda mpaka pale, akagonga kwa mume na mke wazee, akawaambia wateremke. Wakamkaribisha. Wakamshukuru sana, wakasema watakuja baadaye kidogo. Akaandika kwamba wamekubali, akaenda nyumba ya pili.

"Wazee wale," alisema Nomura, "wakikushukuru mno, hawaendi. Ilikuwa lazima ukae. Unywe chai. Usiondoke mpaka waone haya na wavae viatu."

Hayo kwenye karatasi hayakuwemo. Nomura alikuwa kwenye meza ya maji, chumba cha pili. Alimsikia kijana akisema na simu kwamba wale wamekubali. Akainua simu yake ampigie. Akairudisha. Kwa mila yao, aliyeondoka kwenye kiti haingilii kazi ya aliyekikalia. Ukimpigia, umemwambia mbele ya ofisi nzima kwamba hafai. Mlima ukateremka alasiri ile, wazee wale wangali ndani.

Nikamuuliza, "Yule kijana alijua kwamba wewe unajua?"

"Hakuniuliza," akasema. "Na mimi sikumwambia. Tulikuwa na adabu sana, sote wawili."

Tukateremka. Siku zilizobaki alinifundisha mahesabu ya maji.

Niliporudi Maskati niliandika ripoti. Iliwekwa mahala pazuri. Lakini miaka yote iliyobaki nilifanya kwa miguu yangu mwenyewe: mtaa wa bondeni nyuma ya Wattaya niliupita mbele na nyuma, kila msimu, nikijua nani hawezi kutembea na nani hasikii. Mlango nilioupenda ulikuwa wa Bi Zuwena. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaletwa huku na mumewe, mume akafa, watoto hakujaaliwa, akaishia kwenye mulhaq ya mpwawe, mtoto wa kakake. Miguu ilikwishamkataa. Mpwawe mtu wa kazi nyingi na safari nyingi, alimwekea msichana wa kumtazama, Rehema, mtu wa Morogoro. Ukigonga tu unasikia sauti ya kitandani:

"Nani huyo?"

"Wa serikali, bibi."

"Serikali haigongi. Pita, mwanangu. Rehema, mtilie kahawa, na usimpe ile ya jana."

"Bibi, ya jana umeimaliza mwenyewe," anajibu Rehema, na bibi anacheka mpaka anakohoa.

Nilipokaribia kustaafu akaletwa Haitham kushika kiti changu. Kijana mzuri, msomi, mpole, Kiswahili amekipata kwa bibi yake. Nikamwambia twende tukazunguke, nimkabidhi mtaa. Mara ya kwanza alikuwa na mkutano Al Khuwair, wizarani. Mara ya pili pia.

Mara ya tatu akasema, "Ami, wallahi nna kazi mpaka hapa. Wewe nitumie lokesheni tu."

"Lokesheni haigongi mlango."

"Lakini haipotei njia," akasema, akanipigia saluti ya mzaha. Haki yake lazima nimpe, jibu lilikuwa zuri.

Basi nikakaa sebuleni kwangu, usiku wa siku yangu ya mwisho kazini, nikamtumia alama nyekundu moja moja. Ya Bi Zuwena simu ilikwenda kuipachika kwenye geti la mbele, marumaru na taa mbili. Nikaandika chini yake: mlango wa nyuma. Akanijibu kidole gumba.

Mvua haikunisubiri nizoee kulala mchana. Redio ikatangaza munkhafadh, ile mvua ya kuzunguka inayotoka baharini, na siku ya pili yake adhuhuri mbingu zikafunguka. Mimi nakaa Al Khuwair, ghorofa ya nne. Nilitazama dirishani barabara kuu ikigeuka mto, magari yamesimama yanawasha taa za khatari kama yanaombana msaada. Kutoka hakuna. Baada ya sala ya alasiri nikainua simu.

Sitawadanganya, niliirudisha. Nilimuona Nomura kwenye meza yake ya maji. Kisha nikaiinua tena, maana mimi adabu yangu haijawahi kuwa kubwa kiasi hicho.

"Haitham, uko wapi?"

"Bondeni, ami. Tunatoa watu. Sina nafasi."

"Kwa Bi Zuwena umefika?"

"Nimefika. Nimegonga, nimepiga honi. Hamna mtu. Mpwawe yuko Umra na watu wake. Nyumba tupu, khalas."

"Umegonga mlango gani?"

"Geti. Kwani yapo mangapi?"

"Rudi. Pita uchochoroni."

"Ami, uchochoroni maji yanakwenda kwa kasi. Nna mtaa mzima mbele yangu. Nimekwisha kuwaambia watu wa uokozi ile nyumba tupu."

"Nipe robo saa."

"Robo saa siwezi."

"Dakika kumi."

"Ami, pumzika. Umestaafu, alhamdulillahi, pumzika."

"Kumi, na kama hamna mtu, nikipata njia nakuja ofisini, nasimama mbele ya mudiri na watu wote, nasema mzee nimechanganyikiwa, msipokee tena simu yangu."

Nikasikia mvua ya kwake na mvua ya kwangu.

"Mbele ya watu wote?"

"Na chai nanunua mimi."

"Dakika tano," akasema. "Tano tu, kisha nakwenda zangu."

"Umenikaba," nikasema. Tano ndizo nilizokuwa nazitaka. Mpaka pale kwenye mlango ni mwendo wa kukata kona moja tu. Kazi ilikuwa ni kumfanya aikate.

Yaliyofuata nimeyapata kwake na kwa Rehema, na yanapatana. Mlango wa chuma wa nyuma haukufunguka, maji yameushikilia kutoka ndani. Haitham akapiga kelele, na kutoka ndani akajibiwa. Rehema alikuwa amesimama maji yamemfika kiunoni. Meza ya chakula alikuwa ameipandishia godoro, na juu ya godoro amemlaza Bi Zuwena, amemshika kichwa ili kisilale upande wa maji. Simu yake ilikuwa imelowa na kufa tokea mwanzo. Haitham na wenzake wakafunga kamba kwenye nondo za dirisha, wakaivuta na gari, nondo zikang'oka na kipande cha ukuta. Akatolewa bibi kwanza. Rehema akatoka baadaye kwa miguu yake, ana mfuko wa dawa za bibi mdomoni, mikono imeshika dirisha.

Mngetaka niishie hapo. Nami ningetaka. Bi Zuwena alilazwa hospitali, maji yalikuwa yameshamwingia kifuani. Aliniambia, "Mwanangu, mara hii serikali imegonga," na siku chache baadaye akafariki. Mpwawe alirudi Umra, akazika, akalia sana, kisha akaleta malalamiko rasmi ofisini juu ya dirisha lake.

Ofisini nako mambo yalikwenda kama Nomura alivyoyaogopa. Khabari ya simu ilienea. Mudiri, mkuu wa ofisi yenu, akanipigia, sauti ya chini, ile ya kumsemesha mgonjwa.

"Bwana, mtu akistaafu, na astaafu."

Na nyinyi vijana, msikatae, mlimwita Haitham "Rimoti". Mkimuona anaingia mnasema, "Mzee kabonyeza nini leo?" Akaacha kupokea simu zangu. Nikampigia mara mbili, kwa kawaida yangu, kisha nikamwacha.

Tukakutana kwenye matanga ya Bi Zuwena. Wanaume tulikaa majlisi ya mpwawe, wanawake ndani. Haitham akaingia, akatoa mkono kwa kila mtu, na nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni yangu. Akakaa anatazama zulia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

Kisha akasema, polepole ili wengine wasisikie, "Umeniaibisha."

"Ndiyo."

"Ungeniambia kabla."

"Nilikwambia mara tatu. Lakini ndiyo, nimekuaibisha."

"Nimeng'oa dirisha la watu, nimeandikwa kwenye faili, naitwa Rimoti mpaka na mlinzi wa getini." Akavuta uzi wa zulia. "Na bibi mwenyewe kafa vilevile. Kama atakufa tu, sasa mimi na wewe tumepata nini?"

Swali lile nilikuwa nimejiuliza tokea makaburini. Mlango wa ndani ukafunguliwa nusu. Rehema akasimama pale, mtandio mweusi, amebeba sinia la vikombe na birika la kahawa, anasubiri mwanamme wa kumpokea. Hakuna aliyeinuka, watu walikuwa wakizungumza khabari za barabara. Mkono wake wa kulia bado una bendeji, pale nondo zilipomkata.

"Yule," nikasema.

"Yule nani?"

"Mwenye sinia."

Haitham akainua macho. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta alipomuona mwenzake. Mara ya mwisho alimuona amelowa, nywele wazi, mfuko mdomoni, na macho yake yote yakiwa kwa bibi.

"Anaitwa nani?" akaniuliza.

Jina lake nnalijua, na la mamake Morogoro, na la mtoto anayemsomesha. Nikanywa funda la mwisho la kikombe changu cha kwanza cha kahawa, baridi.

"Mimi nimestaafu," nikamwambia. "Kamuulize."

Kisha akainuka, akavuka majlisi mbele ya watu wote, akalipokea sinia kwa mikono miwili, na kabla hajageuka nalo nikamuona anainamisha kichwa, anasema naye.